Mfereji si tanki: historia ya milisho ya intaneti na daftari la kutunza taarifa



Makala ya leo imetokana na aibu iliyonipata mwenyewe, kwa hiyo niieleze kwanza. Kwa miaka mitatu nilikuwa nafuatilia taarifa za bei ya mahindi na maharage kwa simu. Nilitumia huduma moja ya bure: kila tovuti niliyoichagua ilipotoa taarifa mpya, huduma ile iliichukua na kuniletea. Asubuhi nilisoma, mchana nikawaambia wakulima kwenye mikutano, maisha yakaendelea.

Siku moja kikundi cha akina mama kikaniuliza swali jepesi: "Bwana shamba, mwaka juzi bei ilianza kupanda mwezi wa ngapi baada ya mavuno?" Walikuwa na magunia 60 ghalani, na ada za shule zilikuwa mlangoni. Walitaka kuamua wauze yote sasa au wabakize. Nikafungua simu kwa kujiamini. Taarifa za wiki ile zilikuwepo. Za mwezi uliopita zilikuwepo chache. Za mwaka juzi hakukuwa na hata moja.

Wakauza yote kwa bei ya siku ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha. Kilichoniuma ni kwamba miaka mitatu ya taarifa ilipita mikononi mwangu kama maji ya mfereji, na mimi sikuwa na hata ndoo. Nilianza kuilaumu huduma ile. Nilipofuatilia zaidi nikagundua kwamba ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya. Kosa lilikuwa langu: nilidhani mfereji ni tanki.

Historia ninayowaletea leo inaeleza kwa nini vitu hivi viwili ni tofauti, nani alivibuni, na watu wangapi kabla yangu waliumia kwa kuvichanganya. Mwishoni nitaeleza namna ya kuvuta maji ya mfereji na kuyaweka kwenye tanki lako mwenyewe, bila kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Ubao wa nje na daftari la ndani

Tuelewane kwanza kwa maneno. Mlisho ni faili dogo ambalo tovuti huliweka wazi ili programu nyingine zilisome. Ndani yake kuna orodha ya mambo mapya: kichwa cha habari, maelezo mafupi, kiungo cha kufungua na tarehe. Ufikirie kama ubao wa chaki ulio nje ya ghala la AMCOS. Karani anaandika bei ya leo, na ili apate nafasi anafuta ya juzi. Ukipita leo utaisoma. Ukipita wiki ijayo utakuta nyingine.

Kanzidata ni daftari la karani lililo ndani ya ofisi. Lina mistari na safu: tarehe, zao, kipimo, bei, soko. Hakuna anayefuta. Ukitaka kujua bei ya Septemba ya mwaka juzi, unafungua na kutafuta.

Kuunganisha mlisho na kanzidata ni kumpata mtu wa kutoka nje kila siku, kusoma ubao, kisha kurudi ndani na kuandika daftarini. Zamani mtu huyo alikuwa mtaalamu wa kuandika programu. Leo zipo zana ambazo unapanga visanduku kwenye skrini na kuvifunga kwa mistari: kisanduku hiki kisome mlisho, hiki kichuje, hiki kiandike kwenye jedwali. Kazi ya karani inafanywa na mashine, na wewe unaandika msimbo kidogo sana au huandiki kabisa.

Sasa twende kwenye historia.

Mpira wa bustani na daftari la Codd

Wazo la kufunga programu moja kwenye nyingine ni la zamani kuliko intaneti. Tarehe 11 Oktoba 1964, Doug McIlroy, mtaalamu wa Bell Labs nchini Marekani, aliandika karatasi fupi ya ofisini. Alitaka programu ziweze kuungwa kama mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji urefu zaidi, unakaza kipande kingine. Sisi tunaomwagilia nyanya tunamwelewa bila maelezo. Hakuna anayefuma mpira mpya kila akipanua bustani.

Wazo hilo lilikaa miaka zaidi ya minane bila kutekelezwa. Mwaka 1973 Ken Thompson aliliingiza kwenye mfumo wa Unix, na tangu hapo wataalamu wa kompyuta wakaanza kusema wanapitisha kazi kwenye bomba.

Wakati huo huo mtu mwingine alikuwa anafikiria tanki. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala kuhusu namna ya kupanga taarifa nyingi zinazotumiwa na watu wengi. Kabla yake, aliyetaka jibu kutoka kwenye kompyuta alilazimika kujua njia ya kupita ndani ya mashine mpaka taarifa ilipowekwa. Codd alisema hapana: panga kila kitu kwenye majedwali, na mtu aulize kwa kutaja anachotaka bila kujali kimehifadhiwa wapi. Pia alisisitiza kwamba kila mstari uwe na ufunguo, yaani alama inayoutofautisha na mistari mingine yote. Ushike ufunguo huo kichwani, maana tutakutana nao tena.

Basi kufikia mwaka 1973 bomba lilikuwepo na tanki lilikuwepo. Kilichokosekana ni maji yanayotiririka yenyewe kutoka sehemu nyingi. Yalichelewa miaka zaidi ya 25.

Mwaka 1999: mlisho unazaliwa na mpaka wake

Mwezi Machi 1999 kampuni ya Netscape, iliyosifika kwa programu ya kufungulia tovuti, ilitoa muundo mpya wa faili. Ramanathan Guha na Dan Libby ndio waliokuwa nyuma ya kazi hiyo. Netscape ilikuwa na ukurasa ambao kila mtu aliweza kuupanga apendavyo, na ilitaka tovuti nyingine zilete vichwa vyao vya habari pale. Muundo huo ukaitwa RSS.

Toleo la pili lilitoka Julai mwaka huo huo, na lilikuwa na sharti moja ninalotaka mlikumbuke: mlisho usizidi vipengele 15. Kikiingia cha 16, cha zamani kinatoka. Kwa kazi ya Netscape sharti hilo lilifaa, kwa kuwa walikuwa wanajaza kisanduku kidogo kwenye ukurasa. Lakini linaonyesha wazi nia ya chombo chenyewe. Mlisho uliumbwa useme "kipya ni hiki." Haukuumbwa ujibu "mwaka juzi ilikuwaje?"

Baadaye sharti la 15 liliondolewa. Hata hivyo tabia ilibaki. Mpaka leo milisho mingi hubeba taarifa chache za karibuni tu, na zile za nyuma zinasukumwa nje. Nilipolisoma jambo hili, nilikumbuka simu yangu na magunia 60.

Netscape haikukaa na RSS muda mrefu. Ikaiacha, na wengine wakaigombania. Desemba 2000 yakatoka matoleo mawili ya watu tofauti ndani ya mwezi mmoja, kila upande ukidai ndio RSS halisi. Upande mmoja ulikuwa na Dave Winer, mtengenezaji programu wa Marekani. Mwaka 2002 Winer alitoa RSS 2.0, na mwaka uliofuata haki za muundo huo zikapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard ili usiwe mali ya kampuni moja.

Ndani ya RSS 2.0 kulikuwa na nyongeza ndogo ambayo kwa kazi yetu ni kubwa: kila kipengele kiliruhusiwa kuwa na kitambulisho chake cha pekee. Hapa ndipo ufunguo wa Codd unaporudi. Mashine ikisoma mlisho asubuhi na kuusoma tena jioni, itajuaje kwamba taarifa ya "bei ya mahindi" ni ile ile ya asubuhi na si mpya? Kichwa cha habari hakitoshi, maana kinaweza kujirudia kila wiki. Kitambulisho ndicho kinachosema. Bila hicho, daftari lako litajaa taarifa moja mara kumi, na wastani wa bei utakaoupata utakuwa wa uongo.

Tatizo ni kwamba RSS 2.0 iliruhusu kitambulisho, lakini haikukilazimisha. Kundi lingine la wataalamu likaandaa muundo mpya ulioitwa Atom, ukakamilika kama kiwango rasmi cha intaneti Desemba 2005. Katika Atom kila kipengele lazima kiwe na kitambulisho na tarehe ya kurekebishwa. Leo utakutana na miundo yote miwili, na zana nyingi zinaisoma yote. Ila ukikuta mlisho wa RSS usio na kitambulisho, tumia kiungo cha habari kama ufunguo. Si kamili, lakini ni afadhali kuliko kutokuwa nacho.

Mabomba ya Yahoo, na siku yalipokauka

Februari 2007 kampuni ya Yahoo ilifungua huduma iliyoitwa Pipes, yaani mabomba. Ndoto ya McIlroy ya mwaka 1964 sasa ilikuwa kwenye skrini ya mtu yeyote mwenye intaneti. Ulivuta kisanduku cha kusoma mlisho, ukakifunga kwenye kisanduku cha kuchuja, ukaunganisha na mlisho mwingine, na mwisho ukapata mlisho mmoja uliosafishwa. Mtu asiyejua msimbo aliweza kusema: nipe habari zenye neno "kahawa" kutoka tovuti hizi tano, zipange kwa tarehe. Zana nyingi za visanduku tunazotumia leo zinafuata njia hiyo hiyo.

Lakini angalia mwisho wa bomba. Kilichoingia ni mlisho na kilichotoka ni mlisho. Katikati hakukuwa na daftari la kumbukumbu. Yalikuwa mabomba safi yasiyo na tanki.

Watu wakajenga kazi zao juu yake. Mwaka 2015 Yahoo ikatangaza kuifunga, na tarehe 30 Septemba 2015 mabomba yakakauka. Miaka zaidi ya minane ya kazi za watu ikasimama, na waliotaka kuendelea walilazimika kujenga upya mahali pengine.

Hawakuwa wa kwanza kupigwa. Miaka miwili nyuma yake, tarehe 1 Julai 2013, Google ilifunga Google Reader, huduma ya kusomea milisho iliyokuwa imeanza mwaka 2005. Watumiaji waliweza kuondoka na orodha ya milisho waliyoifuata, yaani majina ya mifereji. Lakini kumbukumbu za zamani zilizokuwa zimekusanyika ndani ya huduma ile hazikuwa tanki lao. Zilikuwa tanki la Google, na mwenye tanki alilifunga.

Kenya 2008: taarifa zinapata daftari na mhakiki

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna sura ya historia hii ambayo inastahili heshima yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia kwenye vurugu. Taarifa zilikuwa nyingi na kila mtu alikuwa na yake, lakini hapakuwa na mahali pamoja pa kuziweka. Januari 2008 kundi la watu, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walizindua tovuti waliyoiita Ushahidi. Jina hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa ukurasa huu.

Mtu aliripoti tukio kupitia tovuti au kwa ujumbe wa simu. Ripoti iliingia kwenye kanzidata ikiwa na mahali, wakati na aina ya tukio, kisha ikaonekana kwenye ramani. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari. Wenye Ushahidi walianza pia mradi mwingine ulioitwa SwiftRiver, wa kuchuja mafuriko ya taarifa kutoka kwenye jumbe, mitandao na milisho.

Tofauti ya Ushahidi na Yahoo Pipes ni hii: Ushahidi ilikuwa na daftari, na daftari lile lilikuwa na nafasi ya kuonyesha kama ripoti imehakikiwa au bado. Hilo ni somo kwa sisi wa bei. Mashine inaweza kuleta taarifa, lakini haiwezi kujua kama dalali aliyetaja bei hiyo alikuwa anatafuta wateja. Daftari zuri lina safu moja ya mtu aliyethibitisha.

Kila mtu fundi wa bomba

Tangu mwaka 2010 zana za visanduku zimeongezeka. IFTTT ya Linden Tibbets ilitangazwa Desemba 2010, na jina lake lina maana ya "hiki kikitokea, basi fanya kile." Mwaka 2011 huko Columbia, Missouri, vijana watatu, Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop, walianzisha Zapier kwa ajili ya kazi za ofisi na biashara. Sasa mlisho uliweza kumimina maji yake moja kwa moja kwenye jedwali: taarifa mpya ikitoka, mstari mpya unaandikwa. Tanki lilikuwa limefika mwisho wa bomba.

Ila bomba lenyewe bado lilikuwa la kukodi. Mwaka 2012 Twitter ilibadilisha masharti yake, na IFTTT ikalazimika kuondoa baadhi ya njia zilizochota taarifa kutoka huko. Mwaka 2020 IFTTT yenyewe ilileta mpango wa kulipia na kuwawekea ukomo watumiaji wa bure. Simlaumu mtu. Mwenye kisima ana haki ya kupanga bei ya maji. Lakini mkulima anayepanda mpunga kwa kutegemea kisima cha jirani, bila makubaliano na bila tanki, amepanda wasiwasi.

Njia nyingine ilifunguka mwaka 2013. Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wa IBM walitengeneza Node-RED, zana ya visanduku ambayo unaweza kuisimika kwenye kompyuta yako mwenyewe, hata ile ndogo ya Raspberry Pi. Mwaka huo huo ilitolewa wazi kwa kila mtu. Mwaka 2019 Jan Oberhauser wa Berlin, Ujerumani, alitoa n8n, ambayo nayo unaweza kuiendesha kwenye mashine yako.

Na tanki? Hilo unalo tayari. Mwaka 2000 D. Richard Hipp alitoa SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja tu. Kila simu ya Android imeibeba. Programu nyingi za kwenye simu yako hutunza kumbukumbu zao humo.

Namna ya kujenga tanki lako

Historia imetufikisha kwenye kazi. Kikundi chenye kompyuta moja na kijana mmoja mwenye subira kinaweza kuanza. Visanduku ni sita kwa mpangilio huu. Cha kwanza ni saa: kiamshe kazi kila baada ya saa sita, usigonge mlango wa tovuti ya watu kila dakika. Cha pili kinasoma mlisho. Cha tatu kinachuja mazao na masoko mnayoyataka. Cha nne kinalinganisha kitambulisho na vilivyomo daftarini. Kama kipo, kinaacha. Cha tano kinaandika mstari mpya. Cha sita kinatuma ujumbe kwa viongozi wa kikundi.

Kabla ya kuwasha, kubalianeni mambo haya matano:

1. Kitambulisho. Safu ya ufunguo isiruhusu kurudiwa. Kanzidata yenyewe ina uwezo wa kukataa mstari wenye ufunguo uliokwisha kuingia. Utumie uwezo huo.

2. Kipimo. Bei bila kipimo ni kelele. Gunia la kilo 100, debe na lumbesa si kitu kimoja. Weka safu ya kipimo kama kilivyotajwa, na safu nyingine ya bei kwa kilo. Usifute ya kwanza hata baada ya kukokotoa ya pili.

3. Tarehe mbili. Moja ni ya taarifa ilipotolewa, nyingine ni ya kuingia daftarini. Angalia saa pia. Milisho mingi huandika kwa saa za GMT, na Tanzania na Kenya ziko saa tatu mbele. Taarifa ya saa 22:00 GMT tarehe 30, kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia tarehe 31. Usipoirekebisha, bei ya leo itaandikwa kuwa ya jana.

4. Chanzo na uhakiki. Andika taarifa imetoka wapi na nani ameithibitisha sokoni.

5. Nakala. Kila mwisho wa mwezi toa jedwali lote kama faili la CSV, uliweke kwenye flashi na kwa mtu wa pili. Ukikodi huduma, sharti hili ni la lazima zaidi. Siku mwenye bomba akifunga, wewe utabadilisha bomba tu, maji yako yatakuwa salama.

Kuna wanaoogopa kwamba taarifa zitajaza mashine. Tupige hesabu. Taarifa 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka. Kila moja ikiwa na herufi 500, jumla ni herufi milioni 3.65, sawa na MB 4 hivi. Video moja ya harusi uliyotumiwa kwenye kundi la ukoo inaweza kuzidi hapo.

Nikumbushe pia kwamba taarifa nyingi za bei hutolewa kama PDF au picha ya WhatsApp, na hizo si mlisho. Zana ya visanduku haitaziona. Usikate tamaa: tengeneza fomu ndogo, mtu mmoja ajaze kwa mkono, na fomu hiyo iandike kwenye daftari lile lile. Tanki moja linaweza kuwa na njia mbili za kuingizia maji.

Kwa tahadhari za hali ya hewa kuna jambo la ziada. Dunia ina muundo wa pamoja wa tahadhari uitwao CAP, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na jumbe zake husambazwa mara nyingi kupitia milisho ya RSS au Atom. Kila tahadhari ina kitambulisho, na kwa kawaida hutaja pia eneo, ukali na muda wa kwisha. Tena tahadhari inaweza kurekebishwa au kufutwa na ujumbe unaofuata. Kwa hiyo daftari la tahadhari lisiandike tu. Lisome pia kama ujumbe mpya unafuta wa zamani. Hutaki kuwaambia watu waanue mahindi kwa mvua iliyokwisha kufutwa asubuhi.

Na kama hamna kompyuta wala umeme wa uhakika? Nunueni kaunta buku. Chora safu: tarehe, zao, kipimo, bei, soko, chanzo, aliyehakiki. Mchague karani. Mkipata kompyuta mwakani, mtahamisha mistari ile ile. Codd angewaelewa.

Turudi ghalani

Kikundi kile cha akina mama sasa kina jedwali. Tulianza kwa kaunta buku, kisha tukafunga mlisho mmoja, kisha wa pili. Mwaka wa kwanza halikutusaidia sana, kwa sababu tanki tupu halina cha kuchota. Hilo ni gumu kulieleza kwa watu wenye haraka: taarifa zilizopita mbele yako bila kuandikwa hazirudi, na siku bora ya kuanza ni ya leo.

Msimu huu wameniuliza tena swali lile lile. Nikafungua jedwali, nikawaonyesha bei kwa kilo, mwezi kwa mwezi, tangu mavuno yaliyopita. Sikuwaambia wauze au wasubiri. Walijadiliana wenyewe, wakatenga magunia ya ada, wakauza hayo, na mengine wakayarudisha ghalani. Bei ya miezi ijayo hatuishiki mkononi, wala jedwali halituahidi chochote. Ila safari hii waliamua wakiwa na kumbukumbu yao mbele yao, na daftari ni lao.

Tukutane shambani.